Kujenga Ulichokwisha Kupewa

Liko swali moja ambalo limenishughulisha kwa muda mrefu, nalo ni hili: mtu aliyepewa kitu kikiwa kimekwisha kutengenezwa, tena amepewa bure, ana sababu gani ya kukaa chini na kukitengeneza upya yeye mwenyewe? Akili ya kawaida hutujibu upesi kwamba hana. Aliyeandaliwa wali mezani haondoki kwenda kulima mpunga, na aliyeletewa kiti haendi msituni kuangusha mvule. Wengi wetu tungemwona mtu wa namna hiyo kuwa ama ni mjinga ama ni mwenye majivuno. Katika kurasa hizi nakusudia kumtetea, ingawa si kwa kila jambo wala si kwa kila mtu. Na ili maneno yangu yasielee hewani, nitachukua mfano mmoja wa zama zetu hizi, mfano wa vijana wanaotunga michezo ya kompyuta.

Michezo hiyo ambayo watoto wetu huicheza kwenye simu haiandikwi yote kuanzia mwanzo. Kila mchezo una mambo yanayofanana na ya mwingine: picha zionekane kwenye kioo, sauti isikike, kidole kinapogusa kitambuliwe, na kitu kinapoanguka kianguke kama vitu viangukavyo. Mambo hayo ya pamoja hutengenezwa mara moja na kuwekwa katika programu kubwa iitwayo injini ya michezo, kisha kila mtunzi huweka juu yake hadithi yake na sheria zake. Mojawapo ya injini hizo huitwa Godot. Ilianzishwa na Waargentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, nao mnamo Februari 2014 waliutoa msimbo wake hadharani chini ya leseni ya MIT, leseni fupi inayomruhusu mtu yeyote kuitumia, kuibadilisha na hata kuiuza, mradi asiifute ile taarifa ya wenye hakimiliki. Jina lake limetokana na mchezo wa kuigiza wa Samuel Beckett ambamo watu wawili wanamngoja mtu asiyefika. Wenyewe walilichagua kama ishara ya kazi inayoongezwa kila siku bila kufikia ukamilifu.

Injini hii hutolewa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni faili lililo tayari: unalipakua, unalifungua, unaanza kazi. Namna ya pili ni msimbo wa chanzo, yaani maandishi yenyewe waliyoyaandika watengenezaji, ambayo binadamu anaweza kuyasoma lakini kompyuta haiwezi kuyatenda mpaka yageuzwe kuwa lugha ya mashine. Kazi hiyo ya kugeuza wataalamu huiita kukompaili, na programu inayoifanya huitwa kompaila. Msomaji asiyezoea mambo haya na afikirie mahindi, mashine ya kusagia na unga. Msimbo ni mahindi, kompaila ni mashine, na faili lililo tayari ni unga. Unga unafaa kwa kula, lakini hakuna awezaye kuurudisha ukawa punje akajua zilikuwa nyeupe au za njano, na kama kulikuwa na kiwavi ndani yake.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu mwenye miaka 19 anayesomea mambo ya kompyuta, alikusudia kutunga mchezo wa bao, bao letu hili la Kiswahili lenye mashimo 32 na kete 64. Siku moja alinijia, kwa kuwa anajua nimefundisha hesabu maisha yangu yote na sichoki kubishana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Unalo jambo?"

"Injini ninayo tayari, nimeipakua na inafanya kazi. Sasa mwalimu wetu anasema kila mmoja wetu aijenge kutoka kwenye chanzo. Mjomba, hii si sawasawa na kutwanga unga uliokwisha kusagwa?"

Swali lake lilinipendeza kwa sababu ndilo lile swali langu la zamani, ila yeye alilivika nguo nzuri zaidi. Nilimwambia tuifanye kwanza hiyo kazi, kisha tutafute jibu. Kwani yako maswali ambayo mtu hawezi kuyajibu akiwa amekaa kitako.

Kazi yenyewe, kwa anayeanza, ina hatua chache. Kwanza hukusanya zana: Git ya kuchukulia msimbo, Python na SCons za kuongozea ujenzi, na kompaila ya C++, maana injini hii imeandikwa kwa lugha hiyo. Pili huuchukua msimbo. Na mtu anayenunua bando kwa kuhesabu anaweza kuiagiza Git imletee hali ya sasa peke yake, bila historia yote ya mabadiliko ya nyuma, akaokoa megabaiti nyingi. Tatu huingia katika folda ile na kuandika amri moja, scons platform=linuxbsd ikiwa kompyuta yake inatumia Linux, kisha hungoja. Kwenye kompyuta mpya yenye nguvu hungoja dakika kadhaa. Kwenye kompyuta kuukuu kama ya mpwa wangu hungoja saa nyingi, feni ikivuma na uniti za umeme zikipungua. Mwishoni, katika folda iitwayo bin, hulikuta faili moja, na hilo ndilo injini.

Siku ile hatukufika mwishoni mara moja. Amri ilikataa kuanza kwa kuwa kompyuta ilikosa programu ndogo iitwayo pkg-config, ambayo kazi yake ni kuwaonyesha wajenzi mahali zilipo maktaba nyingine. Tuliipata, tukaanza tena, na baada ya saa moja ujenzi ukakatika: kompyuta ilikuwa ikikompaili mafaili mengi kwa pamoja, kumbukumbu yake ikajaa, mfumo ukaiua kazi. Mpwa wangu alitaka kukata tamaa. Lakini wahenga walisema, kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi. Alisoma ujumbe wa kosa, si ule wa mwisho uliokuwa mbele ya macho yake bali alipanda juu mpaka wa kwanza, kwa sababu kosa la kwanza ndilo lenye habari na yanayofuata aghalabu ni watoto wake. Kisha akaagiza mafaili mawili tu yakompailiwe kwa wakati mmoja. SCons haikuanza upya. Ina tabia moja ambayo mimi naipenda: haiangalii faili limeandikwa saa ngapi, huangalia yaliyomo, na kile kilichokwisha kujengwa nacho hakikubadilika, hukiacha kama kilivyo. Usiku ule injini ilipatikana, na ilifanana kwa kila hali na ile aliyokuwa ameipakua mwanzo.

Hapo ndipo swali lilipotusubiri. Tumepata nini?

Jibu la kwanza ni la faida, nalo ni jepesi. Mchezo wa bao ni wa picha bapa. Hauna haja ya zile sehemu za injini zinazochora vitu vyenye kina, kama majumba na milima ya kuzungukwa. Anayejua kujenga anaweza kukijenga kile kiolezo ambacho mchezo hutolewa nacho akiziacha nje sehemu hizo, kwa kuandika maneno mawili matatu tu katika amri, na mchezo ukawa mwepesi zaidi. Kwa simu za Android kazi hiyo inadai zana nyingi zaidi, lakini njia ni ileile. Katika nchi ambamo watu hununua bando la siku kwa shilingi mia chache, ukubwa wa faili si jambo la urembo. Ndilo linaloamua kama bibi wa kijijini ataupakua mchezo wa mjukuu wake au ataachana nao. Basi kujua kujenga kuna faida. Lakini faida peke yake haijibu swali la wema, kwani wengi hawatahitaji kamwe kupunguza chochote. Kama sababu ni hiyo tu, basi wao watakuwa wametwanga unga kweli.

Jibu la pili, ambalo wapenzi wa jambo hili hulitoa kwa sauti kubwa, ni la uaminifu. Husema: aliyepakua faili lililo tayari amemwamini aliyelitengeneza, aliyejenga mwenyewe hakumwamini mtu, kwa kuwa ameuona msimbo. Jibu hili husikika vizuri, lakini tulipime.

Mwaka 1983 Ken Thompson, mmoja wa waundaji wa mfumo wa Unix, alitunukiwa Tuzo ya Turing pamoja na mwenzake Dennis Ritchie. Hotuba yake ya kuipokea, iliyochapishwa 1984, ilitoboa shimo kubwa katika jibu hilo. Thompson alionyesha kwamba kompaila inaweza kufundishwa kutia mlango wa siri katika programu inayowakagua watu wanaoingia kwenye kompyuta. Na zaidi ya hapo inaweza kufundishwa kuutia ujanja huohuo katika kompaila mpya kila inapoikompaili. Baada ya hapo maandishi yote mabaya hufutwa kutoka kwenye msimbo. Msomaji akiukagua msimbo wa programu na msimbo wa kompaila, herufi kwa herufi, haoni lolote. Na bado kila anachokijenga kitatoka na mlango ule. Kwa mfano wetu, mahindi ni safi, lakini sumu imo katika jiwe la mashine, na jiwe hilo ndilo linalochonga mawe mengine.

Tena hatuhitaji kurudi mwaka 1984. Mnamo Machi 2024 Andres Freund, mtaalamu wa programu, aliona kwamba kuingia kwenye kompyuta fulani kwa mbali kulichukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Mtu mwingine angelipuuza jambo hilo. Yeye alilifuata mpaka akagundua kwamba maktaba iitwayo xz, inayotumiwa kubana mafaili katika mifumo mingi ya Linux, ilikuwa imetiwa mlango wa siri katika matoleo yake 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeutia alikuwa mtu aliyejulikana kwa jina tu, ambaye kwa zaidi ya miaka miwili alifanya kazi njema, akaaminiwa, mpaka akakabidhiwa funguo. Kikulacho ki nguoni mwako. Na hili ndilo linalotuhusu zaidi: sehemu iliyouamsha ujanja ule ilikuwa imewekwa katika mafungu ya msimbo yaliyotolewa kwa wajenzi, wala haikuwamo katika ghala la wazi ambamo watu husoma. Kwa hiyo hata waliojenga kutoka kwenye mafungu yale, kwa mikono yao wenyewe, waliweza kuijenga na sumu yake humohumo.

Basi yule anayesema "mimi nimejenga, kwa hiyo simwamini mtu" amejidanganya. Ameiamini kompaila, ameiamini Python, ameiamini kompyuta yenyewe na wale walioyeyusha madini yake. Injini ya Godot ina folda nzima iitwayo thirdparty, yaani ya kazi za watu wengine: FreeType ya kuchora herufi, zlib ya kubana data, libpng ya kusoma picha, na nyinginezo nyingi. Nani amezisoma zote? Mpwa wangu hakuzisoma, wala mwalimu wake. Kama sababu ya kujenga ni kuikwepa imani, sababu hiyo imeanguka.

Hata hivyo sidhani kwamba imeanguka pamoja na kila kilichokuwamo. Hebu tutazame jinsi hatari hizi mbili zilivyopata dawa. Kwa ile ya Thompson, David A. Wheeler alieleza katika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2009 njia ya kuikagua: unauchukua msimbo wa kompaila unayoitilia shaka, unaukompaili kwa kompaila nyingine iliyotengenezwa na watu wengine, kisha unachokipata unakitumia kuukompaili tena, na mwisho unalinganisha na ile ya kwanza, biti kwa biti. Zikilingana, shaka inapungua sana, maana ingebidi mashine mbili zisizojuana ziwe zimeshirikiana katika uongo mmoja. Ile ya xz nayo ilifichuliwa kwa sababu alikuwapo mtu mwenye msimbo wazi mbele yake, mwenye zana za kuufuata, na mwenye mazoea ya kujua mambo ya kawaida yanavyokwenda, hata nusu sekunde ikamkera. Katika visa vyote viwili dawa haikuwa mtu mmoja kutomwamini yeyote. Dawa ilikuwa kuwapo kwa wengi wanaoweza kusaga, kila mmoja kwa mashine yake, na kulinganisha unga.

Hapa nadhani tumegusa jambo lenyewe. Katika mabaraza ya wazee, neno la mtu mmoja ni dai, na neno la wawili wasiosikilizana kabla ni ushahidi. Anayejenga kutoka kwenye chanzo hajitoi katika imani. Anajiongeza katika idadi ya mashahidi. Na imani ambayo ina mashahidi wengi ni ya namna nyingine kabisa na imani ya mtu asiye na la kufanya. Mimi namwamini daktari wangu, na mtumwa alilazimika kumwamini nahodha. Maneno ni yaleyale, mambo ni mbalimbali.

Lakini msomaji makini atauliza: kama ni hivyo, je, sote tuwe mashahidi? Mfinyanzi, mkunga, dereva wa daladala, wote waache kazi zao wakompaili? Mafundisho ya Kiislamu, ambayo sisi watu wa pwani tumeishi nayo hata wasiokuwa Waislamu, yanatusaidia hapa kwa kutofautisha wajibu wa namna mbili. Iko fardhi aini, inayomlazimu kila mtu binafsi kama sala. Na iko fardhi kifaya, inayoulazimu umma kwa jumla, kama kumwosha na kumzika maiti. Katika hiyo ya pili, wakitokea wachache wakaifanya, wengine wamesalimika. Lakini asipotokea hata mmoja, lawama ni ya wote. Naona kwamba kujua kujenga zana tunazozitegemea ni wajibu wa namna hiyo ya pili. Haumlazimu kila kijana mwenye kompyuta. Lakini mji mzima, au nchi nzima, inayotumia programu huria kila siku wala haina hata mtu mmoja awezaye kuijenga, iko katika hali ya aibu, hata kama kila mtu mmoja mmoja hana hatia.

Na si aibu tu, ni hatari pia. Mwezi Septemba 2023 kampuni ya Unity, yenye injini ya michezo inayotumika sana duniani, ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 itawatoza watunzi ada kwa kila mchezo wao unaposakinishwa, baada ya kuvuka viwango fulani. Watunzi walipiga kelele, masharti yakalegezwa, na Septemba 2024 ada hiyo ikafutwa. Simtupii mtu lawama; mwenye mali ana haki ya kuipangia bei. Ninachokiangalia ni hali ya wale watunzi katika miezi ile. Kazi ya miaka mingi ilikuwa imesimama juu ya ardhi ya mwingine, na hawakuwa na silaha ila kelele zao. Mtegemea cha nduguye, walisema wahenga, hufa maskini. Programu huria inatuambia kwamba jambo hilo haliwezi kutupata, kwa kuwa msimbo ni wetu sote, na waliopo leo wakigeuka tutauchukua tukaendelea. Ni kweli kwa maandishi. Lakini nani atakayeuchukua? Leseni inasema "mnaruhusiwa", haisemi "mnaweza". Ruhusa bila uwezo ni kama cheti cha shamba mikononi mwa mtu asiyejua shamba liko wapi.

Kabla sijahitimisha, lazima nitaje ubaya ulio jirani na wema huu. Nimewaona vijana ambao wakishajenga programu mara moja huwacheka wenzao waliopakua. Huwaita wavivu, huwaita watumiaji tu. Kijana wa namna hiyo ameupata ujuzi na kuipoteza maana yake, kwani tumekwisha kuona kwamba yeye naye amekula unga wa wengine katika sehemu tisa za kumi ya kazi yake. Pia iko hesabu ya kweli ya gharama. Mtu mwenye kompyuta dhaifu, bando dogo na mteja anayeusubiri mchezo Ijumaa, anafanya vyema kulitumia faili lililo tayari, bila haya yoyote. Waliolitengeneza walilitengeneza kwa ajili yake. Kuikataa zawadi kwa majivuno si bora kuliko kuipokea kwa uzembe.

Na kwa kuwa nimetaja zawadi, hapo ndipo ninapoliona jibu la swali tulilolianza. Tuliuliza kwa nini mtu ajenge alichokwisha kupewa. Swali hilo limechukulia kwamba amekwisha kupewa. Je, ni kweli? Zawadi ni za aina mbili. Iko zawadi ya kitu, ambayo hupokelewa kwa kunyoosha mkono, kama unga. Na iko zawadi ya uwezo, ambayo haipokelewi kwa mkono ulionyooshwa. Hupokelewa kwa kazi tu, kama kusoma. Mtoto anaweza kupewa vitabu vyote vya babu yake, lakini kusoma hapewi mpaka ajifunze, hata babu angependa vipi. Wale waliofungua msimbo wa injini yao mwaka 2014 walitupa zawadi zote mbili. Faili lililo tayari sote tumelipokea. Msimbo umekaa pale wazi, umetolewa kwa ukarimu mkubwa, nao utabaki haujapokelewa mpaka mtu aketi, akusanye zana, aandike amri, asome kosa la kwanza, na angoje. Mpwa wangu usiku ule hakutwanga unga uliokwisha kusagwa. Alikuwa anaipokea ile zawadi ya pili, ambayo alikuwa akiidhani anayo.

Nalo jambo hili lina tunda jingine, ambalo sikulitazamia. Katika msimbo ule kuna faili la majina ya waandishi, na kuna folda ile ya kazi za wengine niliyoitaja. Anayepakua faili tayari hashukuru, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa kuwa hajui amshukuru nani. Aliyekesha na msimbo, akaona herufi zake zinachorwa na kazi ya watu hawa na picha zake zinasomwa na kazi ya watu wale, ndiye anayejua kwamba mchezo wake mdogo wa bao umebebwa na mikono ya watu asiowafahamu, wengi wao wasiolipwa. Shukrani ya kweli huhitaji ujuzi, kama vile uaminifu wa kweli unavyouhitaji.

Kwa hiyo, msomaji wangu, ukiwa ni mwanzaji katika mambo haya, shauri langu ni fupi. Anza na faili lililo tayari. Tunga, furahi, wape watoto wacheze. Usione haya. Lakini iwekee akiba siku moja, umeme ukiwapo na bando likitosha, uijenge hiyo injini tangu chanzo mara moja tu katika maisha yako, hata kama utakachokipata kitafanana na ulichokuwa nacho. Na wewe usiye na haja na kompyuta, tafuta katika yale unayoyategemea kila siku jambo moja ambalo umelipokea kwa mkono tu, iwe dawa, sheria, dini au chakula, uulize lilivyotengenezwa na ulifuate mpaka kwenye punje. Huenda usibadilishe chochote, lakini siku mashine ya kusagia itakapoharibika, au itakapotiliwa shaka, mji utahitaji mtu wa kusema, "Hebu nione, mimi niliwahi kusaga."